Kulinda watoto mtandaoni kusitufanye sote tuandikwe daftarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu, kwa heshima zote, barua ya mwalimu mstaafu wa Moshi uliyoichapa wiki iliyopita, ambamo aliitaka Serikali iige Australia na kumlazimisha kila Mtanzania aingize namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kabla ya kufungua akaunti yoyote katika mitandao ya kijamii, ili watoto wazuiwe mlangoni. Mwalimu ameandika kwa uchungu wa mzazi, na uchungu huo naufahamu kwa kuwa nami ni mama na sasa ni bibi. Lakini kazi hii ya kuandika watu kabla ya kuwaruhusu kuingia mtandaoni mimi nimeifanya kwa mkono wangu, kwa kalamu na daftari, hapa Ngarenaro, Arusha, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kuanzia 2005 hadi mwanzoni mwa 2020 nilikuwa na intaneti kafe yenye kompyuta 10, ambazo mwishoni zilibaki 4 tu baada ya simu janja kutunyang'anya wateja. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipotolewa mwaka 2018, zilituamuru sisi wenye kafe tumsajili kila mteja kwa kitambulisho kinachotambulika, tufunge kamera, na tuhifadhi daftari la wateja pamoja na picha za kamera kwa miezi 12. Nilitii. Nilinunua kaunta buku yenye jalada jekundu, nikaipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, aina ya kitambulisho, namba yake, kompyuta aliyokalia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi.

Jioni moja alikuja mlinzi wa usiku, amekwisha kuvaa sare ya kampuni yake, akaomba nusu saa. Aliniambia mwenyewe kwamba alitaka kuandika malalamiko ya mshahara wa miezi miwili na kuyatuma kwa barua pepe, kwa sababu alihitaji nimsaidie kuchapa. Nikamsogezea daftari. Alishika kalamu, akaandika tarehe, kisha macho yake yakapanda mstari wa juu yakasimama hapo. Jina lililotangulia lilikuwa la msimamizi wake wa zamu, aliyetoka dakika chache kabla. Mlinzi hakusema neno. Aliilaza kalamu katikati ya daftari, akalifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa, akaniaga, na sikumwona tena.

Daftari lile, Mhariri, halikuwa limeibwa wala kudukuliwa. Lilikuwa mahali pake, juu ya kaunta, likifanya kazi ileile lililoandaliwa kuifanya, na bado lilimfukuza mtu mwenye haki. Sikuwa nimelifikiria jambo hili hadi siku ile: kila anayeandika jina lake husoma majina ya waliomtangulia, na hujua kwamba anayemfuata atasoma la kwake.

Sasa nirudi kwa mwalimu. Hoja yake inaonekana nyepesi kwa sababu anasema tunawahakiki watoto tu. Tatizo ni kwamba mtandao haumjui mtoto. Ili bawabu amrudishe nyumbani kijana wa miaka 14, hana budi kumsimamisha na baba wa miaka 40 na babu wa miaka 70, kila mmoja aoneshe uso wake au karatasi yake, kisha ndipo aamue yupi apite. Kwa hiyo sheria inayoitwa ya watoto, kwa utekelezaji wake, ni sheria ya watu wazima kwanza. Wao ndio walio wengi mtandaoni, wao ndio wenye vitambulisho, na wao ndio watakaobaki wameandikwa.

Na kuhusu Australia, naomba nimsahihishe kidogo. Sheria yao ilipitishwa Novemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii zichukue hatua za kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na kampuni itakayokaidi inaweza kutozwa hadi dola za Australia milioni 49.5. Haimwadhibu mtoto wala mzazi, na, jambo ambalo mwalimu hakuligusa, hairuhusu kampuni kudai kitambulisho cha serikali kuwa ndiyo njia pekee ya kuthibitisha umri. Wabunge wa kule waliona hatari ya kuzikabidhi kampuni za kigeni vitambulisho vya nchi nzima. Basi anachotuombea mwalimu ni kikali zaidi ya hicho anachokisifu. Njia mbadala waliyonayo, yaani kukadiria umri kwa kupiga picha ya uso, nayo ina kasoro zake, kwani majaribio yaliyoagizwa na serikali yao yalionesha kuwa mitambo hiyo huyumba kwa miaka miwili mitatu kwa watu walio karibu na umri wa mpaka, na hapo karibu na mpaka ndipo palipohitaji uhakika.

Uingereza nako kunafundisha. Sheria yao ya Usalama Mtandaoni ilipitishwa Oktoba 2023, na sehemu yake ya kuhakiki umri, iliyolenga video za ngono na mengine yenye madhara kwa watoto, ilianza kubana tarehe 25 Julai 2025 chini ya mamlaka yao ya mawasiliano, Ofcom. Siku hizohizo programu za VPN, ambazo humwonesha mtumiaji kana kwamba yuko nchi nyingine, zilipanda juu kabisa katika orodha za programu zinazopakuliwa, na vijana waligundua kwamba baadhi ya mitambo ya kukadiria umri ingeweza kudanganywa kwa kuioneshea sura ya mhusika wa mchezo wa video. Zaidi ya watu 500,000 walitia saini ombi la kutaka sheria ifutwe. Walionaswa na wavu ule hawakuwa wenye video za ngono pekee. Machapisho ya habari kuhusu vita vya Ukraine na Gaza nayo yalifichwa nyuma ya mlango wa umri kwa watumiaji ambao hawajahakikiwa, kwa kuwa kampuni ikiogopa faini huzuia na yale ambayo sheria haikuyataja.

Kuna jambo dogo la Uingereza ambalo hunichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Faini ya sheria ile inaweza kufika pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani, kwa kutegemea kiasi kipi ni kikubwa zaidi. Wenye jukwaa dogo la mtandaoni la watu wanaofuga vipanya aina ya hamster walitangaza kulifunga, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kubeba mzigo wa kutimiza masharti. Kampuni kubwa zina mawakili. Hulipa, huajiri, huendelea. Anayekufa ni mdogo. Sisi hilo hatuhitaji kulisoma kwenye habari za Ulaya: mwaka 2018, kanuni zilezile zilizoniletea daftari jekundu ziliwadai wenye blogu leseni ambayo gharama zake kwa ujumla zilizidi shilingi milioni 2, na Juni mwaka huo Jamii Forums, jukwaa la mijadala ya wananchi, ilizima mtandao wake kwa muda kwa sababu ya sharti hilo la leseni. Ni vijana wangapi waliokuwa wakiandika habari za mitaa yao ambao kwao shilingi milioni 2 ni mtaji wa biashara nzima? Waliacha kimyakimya. Sheria hiyo pia ilisemwa kuwa ni ya kulinda maadili na watoto.

Lakini mfano ambao ningependa mwalimu aukalie kitako ni wa Korea Kusini, kwa sababu wao walishafanya hilihili analolipendekeza, kwa namba ya taifa, wakaenda nalo hadi mwisho. Mwaka 2007 walianza kuzilazimisha tovuti kubwa zihakiki jina halisi la mtu kabla hajaandika maoni, na kila Mkorea alikuwa na namba yake ya usajili wa ukazi, kama sisi tulivyo na ya NIDA. Lengo lilikuwa zuri: kupunguza matusi na kashfa. Tovuti zikakusanya majina na namba za watu kwa mamilioni. Julai 2011 wadukuzi wakaingia katika kampuni iliyokuwa ikiendesha mitandao ya Nate na Cyworld, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 35, katika nchi yenye watu takriban milioni 50. Nguo ukiibiwa utanunua nyingine, lakini namba uliyopewa na taifa lako ni ya maisha. Tarehe 23 Agosti 2012 Mahakama yao ya Katiba ilibatilisha sharti hilo, ikisema linabana uhuru wa maoni, wala hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba limepunguza maovu, na kwamba watumiaji walikuwa wakihamia tovuti za nje ambako sharti halifiki.

Korea hiyohiyo, kuanzia Novemba 2011, iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Watoto walifanya nini? Walitumia namba za wazazi wao. Sheria hiyo ilikoma kuanzia Januari 2022.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji watazame nyumba zetu wenyewe. Kwetu laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wote tunakumbuka foleni za mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, watu wanalala nje ya ofisi wakihofia laini zao kufungwa. NIDA imekuwa ikiandikisha waliofikisha miaka 18. Kwa hiyo simu aliyoshika mtoto wa darasa la sita pale mtaa wa Unga Limited, kwa karatasi, ni ya mtu mzima, kwa kuwa imesajiliwa kwa jina la mama yake, shangazi yake, au dada wa kazi. Simu katika nyumba nyingi za hapa si ya mtu mmoja. Asubuhi iko kwa mama sokoni Kilombero, inapokea miamala. Jioni mtoto wa sekondari anatafutia majibu ya kemia. Usiku mdogo wake anatazamia katuni hadi bando liishe. Mtandao ukiuliza umri wa mwenye simu hii, utajibiwa miaka 38, na jibu litakuwa la kweli, na mtoto atakuwa ndani.

Na yule wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tano ambaye mwalimu mwenyewe asingependa azuiwe kusoma, hana namba ya NIDA ya kuonesha. Kadhalika kuna mzee wa Monduli ambaye alama zake za vidole zimefutika kwa jembe na mashine inamkataa, na mama aliyejiandikisha akapewa namba lakini kadi yenyewe ameisubiri miaka. Ukiweka mlango wa namba, watakaobaki nje ni hawa. Mtoto mwenye simu ya mama yake atapita.

Naomba sasa nikiri kosa langu, maana sitaki nionekane nanyooshea wengine kidole. Baada ya kafe kufa, nilifungua steshenari palepale. Kila siku watu wananiletea vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati za kusafiria, niwatolee kopi au niwaskanie. Mashine hukosea, kopi hutoka imepinda, nyingine nyeusi upande mmoja. Kopi mbovu nilikuwa nazitupa kwenye boksi chini ya meza, na kijana mmoja wa mtaani alikuwa akilichukua boksi kila Ijumaa kwa shilingi elfu moja. Sikumuuliza anakopeleka. Mwaka juzi, jioni, nimeshuka kwenye daladala pale stendi, nikanunua karanga za shilingi 200 zilizofungwa kwenye karatasi kama koni. Nilipoifungua nikakuta nusu ya uso wa mteja wangu, jirani wa nyumba ya tatu, na chini ya uso huo namba yake ya NIDA kamili, tarakimu zote 20, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Mafuta ya karanga yalikuwa yamelainisha karatasi, lakini kila kitu kilisomeka. Nilirudi dukani usiku uleule nikawasha kompyuta, nikakuta katika faili moja mamia ya vitambulisho vilivyoskaniwa tangu mwaka uliotangulia, ambavyo hakuna aliyeniambia nivihifadhi na hakuna aliyeniambia nivifute.

Mimi si mwizi, wala sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mfanyabiashara mwenye shughuli nyingi. Taarifa za watu hazihitaji adui ili zivuje. Zinahitaji tu kukusanywa na mtu ambaye ana kazi nyingine ya kufanya. Na ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa boksi chini ya meza huko Ngarenaro, tusidhani kampuni kubwa zina meza tofauti. Oktoba 2025, Discord, jukwaa la mazungumzo linalopendwa na vijana wanaocheza michezo ya video, lilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya serikali vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilifikiwa na wadukuzi kupitia mkandarasi wake. Wengi wa watu hao walikuwa wamevituma vitambulisho hivyo kwa sababu moja: kuthibitisha kwamba si watoto. Waliambiwa waoneshe umri wao, wakaonesha, na sasa sura zao na namba zao huenda ziko mikononi mwa wezi. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa tunaombwa tumwage ghala zima.

Nchi yetu tayari ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ambayo inasimamiwa na Tume yake. Msingi wake mmojawapo ni kwamba anayekusanya taarifa achukue zile tu anazozihitaji kwa kusudi alilolitaja. Ni msingi mzuri, na mimi binafsi ndio ulionifanya nianze kuchoma kopi mbovu na kufuta faili kila jioni. Lakini huwezi ukawa na sheria inayosema tukusanye kidogo na papo hapo ukatunga nyingine inayosema kila mtu atoe namba yake ili aone video ya mapishi.

Mwalimu anaweza kunijibu kwamba asiye na la kuficha haogopi. Mlinzi wangu wa usiku alikuwa na la kuficha: mshahara wake. Msichana anayesoma kuhusu ugonjwa alioambukizwa ana la kuficha, na mke anayetafuta namba ya kuomba msaada wakati mume amelala ana la kuficha. Wote hao hawajavunja sheria. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake; Ibara ya 18 inampa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Tamko la Kanuni za Uhuru wa Kujieleza na Upatikanaji wa Habari Barani Afrika, lililopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2019, linasema wazi katika kanuni ya 40 kwamba mtu ana haki ya kuwasiliana bila kutaja jina au kwa kutumia jina la kubuni kwenye intaneti. Sisi wa Arusha hatuna kisingizio cha kutoyajua haya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa mjini kwetu, na Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ni jirani. Hiyo ya pili ndiyo Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Wala tusijifanye hatujui jinsi neno "watoto" na neno "maadili" yanavyoweza kutumika. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na Waziri mwenye dhamana alieleza kwamba sababu ni picha za ngono zinazoruhusiwa humo. Huenda kuna mzazi aliyefurahi. Lakini waliofungiwa ni pamoja na mwandishi wa habari, mwenye hoteli anayejibu wageni wake wa safari za Serengeti, na mwananchi anayeuliza bei ya mbolea. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilikwisha kutangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilizimwa, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Mimi nilikaa dukani na mashine zangu kimya, nisijue habari za binti yangu aliye Mwanza. Mlango ukishajengwa, mwenye ufunguo ndiye huamua nani apite, na leo atataja umri, kesho atataja jambo lingine. Mwalimu ana imani na mwenye ufunguo. Mimi nasema mlango huo usijengwe.

Basi watoto tuwaache? Hapana, na hapa ningependa nieleze jambo nililolifanya kabla ya kanuni yoyote kunifikia. Mwaka 2006 wavulana wa shule walianza kujazana kafe kwangu kila siku mchana, na haikuchukua muda nikajua wanatazama nini. Kompyuta zangu zilikuwa zimepangwa kama darasa, kila skrini imeelekea ukutani, na kila mteja amekaa kwenye kijisanduku chake cha mbao. Mume wangu alishauri tuanze kudai vitambulisho vya shule. Nilikataa, kwa sababu ningefukuza na wale wanaotafuta matokeo ya mtihani. Badala yake nilimwita fundi seremala Jumapili, tukang'oa vile visanduku vyote, tukageuza meza ili skrini zote zielekee kwenye njia ambayo mimi napita na chai yangu. Kazi ilichukua saa nne. Kuanzia Jumatatu picha zile zilikoma, na wavulana wengi walibaki. Mmoja wao leo ndiye anayenitengenezea kompyuta zikiharibika. Sikuandika jina la mtu yeyote.

Kampuni za mitandao zinaweza kugeuza meza zao. Ni wao wanaochagua video ijianzishe yenyewe baada ya nyingine, wao wanaomletea mtoto wa miaka 12 asichokiomba kwa kuwa mitambo yao imegundua kitamshika, wao wanaoacha mtu mzima asiyejulikana amtumie ujumbe mtoto usiku, wao wanaoiga mbinu za kamari katika arifa zao ili simu isiwekwe chini. Sheria iwabane hapo: ujumbe wa wageni uzimwe tangu mwanzo kwa kila akaunti mpya hadi mwenyewe auwashe, kujianzisha kwa video kuwe kitu cha kuombwa, na wajibu malalamiko kwa Kiswahili ndani ya muda unaohesabika, maana ukiripoti leo picha chafu iliyoandikwa kwa Kiswahili hujui kama anayesoma anaielewa. Haya yote hayahitaji kujua Mtanzania yeyote ana miaka mingapi. Upande wa nyumbani, simu nyingi zina sehemu ya mzazi ya kuweka mipaka, ila mara nyingi mipangilio yake iko kwa Kiingereza na imefichwa mbali. Kila Jumamosi mimi huwaonesha akina mama wawili watatu bure, na kazi hiyo haizidi dakika 10 kwa simu moja. Kama mwalimu wa Moshi atapenda, naye kwa kuwa mwalimu ataweza kuifanya vizuri kuliko mimi, tuifanye pamoja, yeye shule za huko, mimi za huku.

Mwisho kuna jambo linalolihusu gazeti lako moja kwa moja. Katika ukurasa huu wa barua, tangu nikiwa msichana, nimesoma watu waliojiita Mpenda Haki, Mkulima Mchovu, Mama Asiyelala, na chini yake imeandikwa kwamba jina linahifadhiwa na mhariri. Barua hizo ndizo zilizotufahamisha habari za zahanati isiyo na dawa na mwenyekiti aliyeuza kiwanja cha shule. Mhariri alimjua mwandishi, au hakumjua, lakini msomaji hakuwa na haja ya kuonesha kitambulisho ili alifungue gazeti, na muuza magazeti hakuandika mahali kwamba fulani amesoma ukurasa wa tano. Hayo ndiyo ninayoomba yabaki, hata karatasi ikiwa imegeuka kioo cha simu.

Jina langu kamili nimelitia ndani ya bahasha, kwenye kikaratasi cha peke yake. Naomba usilichape, na ukishajiridhisha kwamba ni mimi, kichome.

Mama wa Steshenari,
Ngarenaro, Arusha